Kioo, Samaki na Amana



Ndugu msomaji, kuna maswali ambayo mtu akiyasikia mara ya kwanza hucheka. Hili ni mojawapo: Mwislamu akimfuga samaki adimu ndani ya tangi la kioo, si kwa kumla wala kwa kumuuza, bali kwa kumtazama tu, je, amefanya jema, amefanya baya, au amefanya jambo lisilo na uzito wowote? Swali hili liliulizwa katika darasa letu la Alhamisi baada ya Isha, na kweli tulicheka. Ndugu mmoja akasema kwamba watu wanalala kwenye foleni za mafuta ya gari, na sisi tumekaa kujadili samaki wa mapambo.

Hoja yake ina haki yake. Hata hivyo nimeomba nafasi katika jarida letu ili nilirudie swali hilo kwa utulivu. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, nimekula ndagala kabla sijajua kusoma, na hapa chuoni nasoma elimu ya viumbe. Kadiri nilivyolifikiria swali lile ndivyo nilivyoona kwamba si swali la samaki peke yake. Ni swali la mtu anayeshika kiumbe dhaifu mkononi mwake: ameshika nini hasa?

Ruhusa ipo

Tuanze na yale yasiyo na ugomvi. Kuna habari mashuhuri, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mtoto mdogo aliyeitwa Abu Umayr, ndugu yake Anas bin Malik (R.A.). Alikuwa na kindege chake cha kuchezea. Mtume (S.A.W.) alikuwa akifika nyumbani kwao humtania mtoto yule kwa kumuulizia habari za kindege chake. Hakumkemea kwa kukifuga, wala hakuamuru kiachiwe.

Wanazuoni wameichimba sana habari hii fupi. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi'i wa karne ya 4 Hijria, aliandika kijitabu kizima juu yake na akatoa humo mafunzo sitini. Mojawapo ni hili tunalolitafuta: inajuzu kumweka ndege kizuizini kwa ajili ya burudani isiyo na madhara. Ikiwa ndege mwenye mbawa anaweza kuwekwa tunduni, ni vigumu kusema kwamba samaki hawezi kuwekwa kiooni. Basi anayesema moja kwa moja kwamba akwariamu ni haramu, yeye ndiye anayedaiwa dalili.

Wengi wetu tungeishia hapo. Tumezoea kuuliza "halali au haramu?", na tukishajibiwa "halali" tunafunga daftari. Lakini ruhusa ni mlango tu. Aliyeingia bado ana nyumba nzima ya kuitunza.

Paka na mlango uliofungwa

Weka kando ya habari ya Abu Umayr habari nyingine, nayo pia imepokewa na Bukhari na Muslim: ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Sote tuliisikia madrasa. Mwanamke yule alimfungia paka mpaka akafa. Hakumlisha, wala hakumwacha atoke akajitafutie wadudu wa ardhini.

Itazame vizuri sehemu ile ya mwisho. Habari haikuishia kwenye kutomlisha. Wapo paka wengi mitaani ambao mimi na wewe hatuwalishi, na hatuhesabiwi kuwa tumewaua. Kosa la mwanamke yule lilikuwa na vipande viwili vilivyoungana: aliufunga mlango wa riziki ambao Allah (S.W.) alikuwa ameufungua, kisha hakuweka chochote mahali pake. Paka aliyeko nje ana ardhi nzima. Paka aliyefungiwa ana mtu mmoja tu.

Qur'ani inatufundisha, katika Surat Hud aya ya 6, kwamba hakuna kiumbe kinachotembea isipokuwa riziki yake iko juu ya Allah. Anayemfungia kiumbe haiondoi riziki ile kwa Mola wake, lakini anaifanya ipitie katika mkono mmoja: wake yeye. Amejiajiri mwenyewe kazi ambayo hakuna aliyemlazimisha kuishika, na ataulizwa namna alivyoifanya.

Mafakihi wetu waliliona hili wazi. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki wamekisoma, anaweka chakula na maji ya mnyama kuwa wajibu wa mmiliki wake, kama zilivyo nafaka nyingine. Akikataa, hulazimishwa: amlishe, au amuuze, au amchinje kama ni wa kuliwa. Kumwacha hivi hivi si mojawapo ya njia zilizo mbele yake.

Kioo hugeuza maumbile kuwa matendo

Sasa tuingie kwenye maji. Kwa samaki, chakula ni sehemu ndogo tu ya riziki. Maji yenyewe ni riziki, na hewa iliyomo ndani yake, na joto lake, na usafi wake.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Ziwani amonia hiyo hupotea bila mtu kujua. Ndani ya tangi la lita mia hujikusanya mpaka imuue aliyeitoa. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoota kwenye mchanga na kwenye chujio: wa kwanza huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina sumu kali. Jeshi hili dogo huchukua wiki kadhaa kukua katika tangi jipya. Mtu anayenunua tangi na samaki siku moja, akawatia humo jioni ileile, amewatia katika chumba kisicho na choo.

Nimeona jambo hili kwa macho yangu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, fundi simu, ana tangi dogo kibandani kwake, lina samaki wachache wa ziwani. Usiku mmoja umeme ulikatika tangu Magharibi. Pampu ya hewa ikanyamaza. Kufika saa tano samaki wote walikuwa juu, midomo yao ikigusa uso wa maji. Yule kijana akachukua kikombe, akawa anachota maji na kuyamimina kutoka juu ili yachukue hewa, anachota na kumimina. Nilipokezana naye. Tuliendelea hivyo mpaka adhana ya Alfajiri. Hakuna aliyekufa. Tulipokuwa tunanawa mikono aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Nilidhani hawa ni wangu. Kumbe mimi ndiye wao."

Nadhani kijana huyu, ambaye hajakaa darasa la falsafa hata siku moja, aliligusa jambo lenyewe. Samaki akifa ziwani kwa kukosa hewa, hilo ni tukio la maumbile. Akifa kiooni kwa kukosa hewa, hilo ni tendo, na tendo lina mwenyewe. Kioo hakibadilishi samaki. Kinabadilisha nani anaulizwa.

Mfano mwingine unatoka katika ziwa letu wenyewe. Yuko gogogo mmoja wa Tanganyika mwenye madoa meusi mwili mzima; wataalamu humwita Synodontis multipunctatus, na Boulenger alimwandika katika elimu mwaka 1898. Mwaka 1986 mtafiti wa Kijapani, Tetsu Sato, alieleza katika jarida la Nature siri ya samaki huyu. Ziwani mwetu wamo samaki wengi ambao mama hubeba mayai na watoto kinywani mwake. Mama anapotaga na kuyaokota mayai yake, gogogo hujipenyeza na kuyatia ya kwake. Mama huyaokota yote bila kutofautisha. Watoto wa gogogo huanguliwa mapema, na humo humo kinywani huwala watoto wa mwenye nyumba. Mama anaendelea kulea, hajui kwamba analea wageni.

Je, gogogo ana dhambi? Hana. Hana taklifu, na hekima ya kuumbwa kwake hivyo iko kwa Aliyemuumba. Lakini wafugaji wengi wa ng'ambo humweka samaki huyu pamoja na akina mama hao kwa makusudi, ili walione jambo hilo likitokea na wapate watoto wake. Hapo mambo yamebadilika. Izz al-Din bin Abd al-Salam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi'i aliyefariki mwaka 660 Hijria, alipotaja haki za wanyama juu ya binadamu katika Qawaid al-Ahkam, alitaja mambo ambayo ukiyasoma leo unashangaa: mnyama apewe matumizi yake hata akizeeka au akiugua na kukosa faida, asibebeshwe asiloliweza, na asiwekwe pamoja na anayemdhuru, awe wa jinsi yake au wa jinsi nyingine. Mwanachuoni huyu hakuwahi kuona tangi la kioo lenye taa, lakini kanuni yake inaingia humo moja kwa moja. Kilichokuwa kadari ziwani kimekuwa mpango wangu chumbani.

Wapo pia wanaomkamata mama aliyebeba watoto kinywani, wakamfungua mdomo kwa nguvu na kuwatikisa watoto watoke, ili wawalee mbali na hatari. Nikisoma hilo nakumbuka habari iliyo katika Sunan ya Abu Dawud, ya ndege aliyekuwa akipigapiga mbawa kwa sababu masahaba walikuwa wamechukua makinda yake. Mtume (S.A.W.) aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamuru arudishiwe. Sisemi kwamba hukumu ya mambo haya mawili ni moja. Hilo nawaachia wenye elimu ya fiqhi. Nasema kwamba moyo uliofunzwa na habari ile hauwezi kufungua mdomo wa mama bila kusita.

Adimu kwa nani?

Hadi hapa nimezungumzia samaki yeyote. Swali letu lakini lilitaja samaki adimu, na neno hilo lina mtego wake.

Kaka yangu mmoja, mtoto wa baba mkubwa, anaishi Brussels tangu utotoni. Ana tangi kubwa sebuleni. Mwaka jana alinitumia picha za samaki aliyempata kwa taabu: kambare wa Amerika Kusini, mwembamba kama kijiti, mkia wake umechongoka na kuishia kwa uzi mrefu kama mjeledi. Ni samaki wa ajabu kweli. Hawa ni wa ukoo wa Loricariidae. Mwili umefunikwa na sahani ngumu za mfupa badala ya magamba, na mdomo uko upande wa chini. Katika baadhi ya aina zao dume ndiye mlezi, naye hubeba mayai yakiwa yameshikana kwenye mdomo wake wa chini mpaka yaanguliwe. Subhanallah: huko Amerika Kusini baba hubeba wanawe mdomoni, na huku Tanganyika mama hubeba wa kwake kinywani.

Kaka alitaka kumweka samaki huyo pamoja na gogogo wa madoa wa ziwa letu, aliyemnunua siku za nyuma kwa ajili ya kukumbuka nyumbani. Aliniandikia, "Mdogo wangu, watu wawili tu mjini hapa wanaye." Nilimjibu kwa hesabu. Maji ya Tanganyika ni magumu, na pH yake inakaribia 9. Maji ya mito mingi ya msituni huko Amazon ni laini na ya uchachu. Katika Rio Negro pH hushuka hadi 5 na chini yake. Kila hatua moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo kati ya 5 na 9 kuna tofauti ya mara 10,000. Wapo samaki wa Amerika Kusini wanaostahimili maji yaliyo katikati, lakini katika tangi lile mmoja angeishi kwao na mwingine angeishi ugenini, au wote wawili wangekuwa wageni. Kaka alinyamaza siku mbili. Kisha akaniandikia kwamba amemrudisha mmoja dukani, na aliyemrudisha ni yule adimu.

Sikumwambia amrudishe. Lakini maneno yake ya kwanza yalinifikirisha: watu wawili tu mjini wanaye. Ona jinsi sifa hiyo isivyomhusu samaki hata kidogo. Kule mtoni kwake samaki yule si adimu. Amelala mchangani, jirani yake wa kulia na wa kushoto ni kama yeye. Uadimu unaanza pale anapopandishwa ndege. Ni sifa ya soko na ya mwenye kutazamwa akiwa na kitu ambacho wengine hawana. Hapo mtu na ajiulize kwa siri: lau kila nyumba ya mtaa wangu ingekuwa na samaki huyu, ningeendelea kumbadilishia maji? Jibu likiwa ndiyo, anampenda samaki. Jibu likiwa hapana, anachokifuga ndani ya tangi ni jina lake mwenyewe.

Jambo hili lina historia hapa kwetu. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, aliendesha hapa Bujumbura kazi ya kukamata samaki hai wa Tanganyika na kuwasafirisha kwa wafugaji wa ng'ambo. Alikuwa mpiga mbizi na mtu wa kuchunguza, si mfanyabiashara tu. Mwaka 1978 alitoa kitabu kikubwa cha samaki wa ziwa hili, na kingine mwaka 1989. Mwaka 1974 mtaalamu Max Poll alimpa samaki mmoja mdogo wa mawe jina la brichardi, kwa heshima yake. Samaki huyo mwenye mapezi marefu ya ncha nyeupe anajulikana katika maduka ya dunia kwa jina la Binti Mfalme wa Burundi. Watoto wake wakubwa hawaondoki haraka. Hubaki kuwasaidia wazazi kulea wadogo zao. Kuna watu Ulaya na Marekani ambao neno Burundi walilisoma kwanza kwenye kibandiko cha tangi. Na sisi tulio hapa, ni wangapi tumewahi kumwona?

Safari ya samaki hawa si nyepesi. Chukua frontosa, yule mkubwa mwenye mistari myeusi na nundu kichwani. Anaishi chini, kina cha makumi ya mita. Akipandishwa haraka, hewa iliyo katika kibofu chake hutanuka na kumuumiza. Ndiyo maana wapiga mbizi wenye kujali humpandisha kwa vituo, siku baada ya siku. Mwenye haraka ya fedha hafanyi hivyo. Na kwa kuwa samaki wengi wa mawe hawavuki mchanga kwenda mwamba mwingine, aina fulani ya rangi huweza kuwa ya kipande kifupi tu cha pwani. Wakivuliwa bila kiasi hapo, hakuna wa kuja kuziba pengo.

Je, basi biashara hii yote ni ubaya? Naomba tusikimbilie hukumu. Huko Barcelos, mji wa Brazili ulio kando ya Rio Negro, familia nyingi zimeishi kwa kukamata samaki wadogo wa mapambo. Watafiti wa mradi uitwao Piaba, ulioanza mwaka 1989, wamekuwa wakieleza kwamba uvuvi ule, ukifanywa kwa kiasi, huwapa watu sababu ya kuuacha msitu usimame, kwa sababu msitu ukikatwa samaki hawatakuwepo. Wafugaji wa mbali wanapozalisha samaki haohao katika mashamba yao, mvuvi wa mtoni hupoteza riziki, na huenda akashika shoka. Kwa hiyo mnunuzi anayesema "mimi sinunui wa porini" huenda amemwokoa samaki mmoja na kulipoteza pori. Na huenda kinyume chake pia ni kweli mahali pengine. Anayetaka kutenda haki lazima aulize: samaki huyu katoka wapi, kakamatwa vipi, na aliyepiga mbizi kalipwa nini?

Mbona mukeke tunamla?

Najua pingamizi linalokuja. Ndugu yule wa Alhamisi alilitoa: "Mukeke tunamchoma kila siku na hatujiulizi. Itakuwaje kumuua samaki iwe halali bila maswali, na kumlisha kiooni kuwe na maswali haya yote?"

Ni pingamizi zuri, na nililala nalo. Jibu langu ni kwamba kuua kwa haja na kufuga kwa starehe ni mambo ya namna mbili. Anayemla mukeke ameitumia ruhusa aliyopewa, kwa kiasi cha haja yake, na shauri lake na samaki yule limekwisha usiku uleule. Anayemfuga ndiyo kwanza ameanza. Kuvua kunamaliza jukumu. Kufuga kunalifungua, na linabaki wazi miaka kumi au zaidi kwa baadhi ya samaki hawa. Ndiyo maana sheria ilimruhusu mwanamke yule kumwacha paka wake aende zake, na haikumruhusu kumfungia bila chakula. Isitoshe, mla mukeke naye ana maswali yake: nyavu za matundu madogo mno, ndagala wanaooza ufukweni, sahani inayotupwa nusu imejaa. Hakuna kati yetu aliyesamehewa kuulizwa.

Huruma inahitaji elimu

Kuna njia moja ya mkato ambayo lazima niionye. Mtu akichoka na samaki wake husema: nitamwachia ziwani, arudi kwa Mola wake. Maneno mazuri, tendo baya. Ndugu zetu wa Ziwa Victoria wanajua gharama yake. Sangara alipotiwa humo katika miaka ya 1950, samaki wadogo wa asili walitoweka kwa wingi mno, aina baada ya aina. Na hao kambare wa kufyonza wa Amerika Kusini, jamaa wa yule wa kaka yangu, walioachiwa na wafugaji waliochoka, wamejaa katika mito na mabwawa ya nchi nyingi. Katika bwawa la Infiernillo huko Mexico waliharibu uvuvi uliokuwa ukilisha maelfu ya watu.

Samaki mgeni akitiwa Tanganyika anaingia katika nyumba yenye takriban aina 250 za samaki wa ukoo wa sikilidi pekee, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Mwenye huruma ya kweli humtafutia samaki wake mlezi mwingine. Kumwachia ziwani ni kumwondolea mtu mmoja lawama na kuwatwisha viumbe wasiohesabika madhara.

Tangi lililo kubwa kuliko yote

Nimebakiwa na jambo moja, na kwangu ndilo zito zaidi. Wengi wetu hatutawahi kumiliki tangi la kioo. Tusijione tumesalimika.

Tazama Ziwa Tanganyika. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina cha mita 1,470. Limebeba karibu asilimia 17 ya maji baridi yaliyo juu ya ardhi ya dunia nzima. Lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na huo mara nyingi hutoa maji kidogo. Chini ya kina cha mita mia moja na kitu hamna hewa ya kumtosha samaki. Kwa maneno mengine, kila tunachokitia humo kinakaa. Udongo wa milima yetu iliyovuliwa miti hushuka na Ntahangwa na mito mingine kila masika, ukalala juu ya mawe ambayo samaki hujificha na kulisha watoto wao. Chupa za plastiki, mafuta machafu, maji ya vyoo, vyote vinaelekea kulekule. Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa hili mwezi Juni 2003, na mamlaka yake iko hapa hapa Bujumbura. Mkataba ni jambo jema. Lakini mkataba hauokoti chupa.

Kama ni kweli kwamba kioo hugeuza maumbile kuwa matendo, basi sisi watu wa pwani hii tumekwisha kuligeuza ziwa kuwa tangi. Samaki anayekufa leo kwa kufunikwa na tope la shamba langu hafi tena kwa maumbile. Qur'ani, katika Surat al-An'am aya ya 38, imewataja wanyama na ndege kuwa ni umma kama sisi. Mtu akiharibu makao ya umma mzima kisha akasema hajawahi kufuga samaki, amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, dada yangu, ukiniuliza kama inafaa kumfuga samaki adimu, nitakujibu kwa maswali matatu. Je, unaweza kuifungua upya kila riziki uliyomfungia, mchana na usiku, umeme ukiwepo na usipokuwepo? Je, unajua alikotoka na nani aliumia katika safari yake? Je, ungempenda vilevile kama asingekuwa adimu? Ukiweza kujibu ndiyo kwa yote matatu, mfuge kwa jina la Allah, na kila unapombadilishia maji ihesabu kuwa sadaka. Usipoweza, mwache alipo. Uzuri wake haupungui kwa kuwa wewe humwoni.

Na kama huna nia ya kufuga chochote, bado lipo lile tangi kubwa. Jumamosi asubuhi, baada ya darasa, baadhi yetu tutashuka ufukweni na magunia. Hatuna bango wala fulana. Anayetaka aje na glovu zake.

Allah atujaalie kuwa waaminifu kwa kidogo na kwa kikubwa alichotukabidhi. Amin. Wallahu a'lam.